Asilimia Kumi ya Mzee Gawio

Kama hujawahi kumwona mtu anaililia kodi kama anayelilia maiti, basi hukumjua Mzee Gawio.

Hilo si jina alilopewa na mama yake. Tulimbatiza sisi, wenye hisa wenzake, kwa sababu kila Jumamosi saa kumi jioni alikuwa hakai kitini kabla hajauliza, "Gawio limetoka? Wamekata ngapi?" Kazi yake ni fundi mizani. Mizani ya muuza nyama au ya muuza misumari ikianza kusema uongo, anaitwa yeye. Ana kibanda nyuma ya soko. Ukisimama katikati ukanyoosha mikono, unagusa kuta zote mbili. Humo ndani springi zimening'inia kwenye misumari, sahani za mizani zimepangana kwa ukubwa, na kwenye kisanduku chenye kitambaa chekundu amelaza mawe yake ya shaba ya kupimia, kuanzia la kilo mbili hadi lile dogo la gramu tano ambalo hulishika kwa kibano, eti jasho la vidole linaongeza uzito. Mtu wa namna hiyo akikwambia jambo, unabisha kwa lipi?

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule, na shule yenyewe niliishia darasa la saba. Wananiita Mkasi, na si kwa sababu ya kitambaa tu. Mkutano wetu ulikuwa kwenye chumba changu cha kazi: cherehani nne, meza ndefu ya kukatia, dirisha la nyuma linaloingiza mwanga mzuri mpaka jua linapozama. Tulikuwa wanne. Mimi, Mzee Gawio, Sista ambaye ni muuguzi mstaafu, na muuza vipuri mmoja tunayemwita Nati, kijitu kifupi, kigumu, ukikikaza sana kinakata uzi.

Tulijuana kwenye foleni. Miaka kumi na mitatu iliyopita kampuni ya gesi asilia iliuza hisa zake kwa watu wa kawaida kwa mara ya kwanza, na sisi wanne tukasimama jua kali mmoja nyuma ya mwingine. Mzee ndiye aliyekuwa mbele. Alituelezea hisa ni nini, gesi inatokaje chini, bomba linapita wapi. Tulipofika dirishani tulikuwa tumeshakuwa wanafunzi wake.

Tangu siku hiyo alitusomea ripoti ya kila mwaka ukurasa kwa ukurasa. Mimi ambaye nilikuwa nikiona tarakimu nyingi nasinzia, alinifundisha mpaka nikajua faida iko ukurasa gani na deni wamelificha wapi. Na darasa lilifungwa kwa neno moja tu: usiuze. Bei ikipanda, usiuze. Ikishuka, ndiyo kabisa usiuze. Nati aliwahi kumuuliza, "Mzee, sasa tutauza lini, tukishazikwa?" Akajibu, "Ukishazikwa atauza mwanao, na atakuwa amekosea."

Halafu ndiyo inakuja kodi. Gawio letu, yaani fungu letu la faida ya kampuni, halifiki mkononi zima. Kampuni inakata kwanza kodi, inaipeleka serikalini, ndipo sisi tunaingiziwa kinachobaki. Mzee Gawio hapo ndipo alipokuwa akipandisha mashetani. Alichomoa kwenye mfuko wa shati karatasi iliyokunjwa ndani ya nailoni, hati yake ya gawio, akaipunga hewani.

"Kumi kwa mia! Serikali haijashika hata koleo la kuchimbia, lakini kwenye sahani mkono wake ndio wa kwanza!"

Na sisi tukaitikia kama kwaya. "Kumi kwa mia! Wezi!" Sista aliitikia huku anafuma. Mimi niliitikia na pini mdomoni.

Sasa mwaka huu mambo yakaja mawili kwa mpigo. Kampuni kubwa ya nje ilitangaza inanunua hisa za sisi wadogo, kwa bei nzuri kuliko ya sokoni. Anayetaka ajaze fomu kabla ya Ijumaa ya mwisho wa mwezi, asiyetaka abaki nazo. Wiki hiyohiyo mwenye nyumba wangu akaja, akasimama mlangoni bila kukaa, nikajua si heri.

"Mama, nahamia kwa mwanangu. Chumba nakiuza. Wewe umekaa miaka kumi na tisa, nakupa nafasi ya kwanza. Mpaka Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Ikipita, kuna kijana muuza simu ameshaleta fundi wa kupima rafu."

Rafu! Kwenye ukuta wangu! Nilihesabu kichwani papo hapo. Nikiuza hisa zangu karibu zote, chumba ni changu. Nisipouza, nafungasha cherehani nne na wasichana watatu wanaonifanyia kazi, niende wapi? Lakini Mzee Gawio alikuwa ameshatoa hukumu: "Visima vipya viwili vinafunguliwa mwakani. Gawio litakuwa mara mbili. Anayeuza sasa amekata mti wa matunda apate kuni." Nikalala macho wazi siku tatu, maana miaka kumi na mitatu sikuwahi kumkaidi na sikuwahi kujuta.

Nikasema, acha kwanza nijue ninapata kiasi gani hasa. Nikaenda ofisi ya dalali wa hisa, nikaomba hati yangu ya mwisho. Miaka yote nilikuwa naona tu pesa imeingia kwenye simu, hati siiulizi. Nikakaa nayo kwenye benchi pale nje, nikatafuta mstari wa kodi kama nilivyofundishwa. Nikasoma. Nikavua miwani nikaifuta. Nikasoma tena.

Kodi: asilimia tano.

Nikarudi dirishani. Karani akanieleza bila hata kuinua kichwa kwamba ilishushwa toka kumi, mwaka wa nne sasa.

Jumamosi sikungoja Mzee akae. "Jamani, tunakatwa tano, si kumi! Miaka minne tunalia kilio cha jirani!"

Nati akafungua simu yake, akatafuta ujumbe wa mwisho, akapiga hesabu. "Kweli. Tano." Sista naye tano. Sote tukamgeukia Mzee.

Alikuwa ameshika kikombe. Akakiweka chini polepole. "Mimi... mimi wananikata kumi."

"Lete hati nione," nikasema.

"Imefifia."

"Si ndiyo unayotupungia kila wiki?"

"Imefifia, mwanangu. Wino siku hizi ni maji."

Nati akaruka. "Mzee unaibiwa! Wewe mwenye kelele kuliko sote ndiye wanakuibia! Mganga hajigangi!"

"Miaka minne," Sista akasema, na akaacha kufuma, jambo ambalo sijaliona hata msibani. "Hiyo ni pesa. Wairudishe."

Mzee akasema si kitu, ni kidogo, amewasamehe. Amewasamehe! Mtu aliyekuwa akiililia kodi hiyo mpaka mishipa ya shingo inasimama! Hapo mimi ndipo nilipopaswa kusikia. Sikio la mtu wa kawaida lingesikia. Langu lilikuwa limezibwa na mdomo wangu mwenyewe.

"Jumatatu saa tatu," nikamwambia, "nitakupitia kibandani. Na usiniletee habari ya mguu."

Jumatatu aliniletea habari ya mguu. Nikamwambia tutapanda teksi. Akaniletea habari ya mizani ya muuza nyama. Nikamwambia nyama itangoja, imeshakufa. Akafunga kibanda taratibu kama anayefunga kaburi, akavaa koti lake la kijivu, tukaenda. Njiani nilikuwa naongea peke yangu nikipanga maneno ya kumwambia karani. Yeye alikuwa anatazama nje dirishani.

Ofisi ile iko ghorofa ya pili. Kwenye ngazi, kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili, alisimama akashika ukuta.

"Mwanangu, turudi."

"Umechoka? Pumzika, kisha tupande."

"Sikuchoka. Turudi tu. Nakuomba."

Mzee wa miaka sabini na moja ananiomba, na mimi namvuta mkono wa koti! "Woga huo ndio wanaoupenda," nikamwambia. "Leo wamekutana na Mkasi."

Dirishani alikuwa yule yule karani, binti mwenye kucha ndefu. Akaomba namba ya akaunti. Mzee akasema ameisahau. Nami, Mungu anisamehe, nikaingiza mkono kwenye mfuko wa shati lake kama mama anayemtafutia mtoto leso, nikachomoa ile nailoni, nikaipitisha chini ya kioo.

Binti akaikunjua. Akaitazama mbele, akaigeuza nyuma. Akaandika namba. Kucha zikagonga, zikanyamaza.

"Mama, hii hati ni ya miaka kumi na moja iliyopita."

"Haidhuru. Angalia hizo za sasa."

"Za sasa hazipo."

"Hazipo vipi? Huyu ni mwenye hisa kabla yangu! Alikuwa mbele yangu kwenye foleni!"

Akageuza kioo cha kompyuta nikaona mwenyewe. Mstari ulikuwa mmoja tu. Hisa mia tano, zimeuzwa zote, tarehe fulani, miaka kumi na moja iliyopita. Chini yake palikuwa sifuri.

Masikio yakaanza kuvuma kama cherehani isiyo na uzi. Watu wa nyuma kwenye foleni walikuwa wananitazama, na mimi nilikuwa natazama ile sifuri, nangoja ibadilike. Nikakumbuka Jumamosi zote. Kumi kwa mia! Wezi! Mara ngapi? Hesabu mwenyewe: miaka kumi na moja, kila wiki. Mtu analilia kodi ya gawio ambalo halipati!

Nilipogeuka, Mzee hakuwepo.

Nilimkuta amekaa kwenye ngazi ile ile alipokuwa ameniomba turudi. Nikakaa ngazi moja juu yake.

"Kwa nini?" Ndilo neno pekee nililolipata.

"Bei ilipanda mara mbili," akasema, anaongea na viatu vyake. "Nikajiona mjanja. Nikasema nauza leo, ikishuka nanunua tena mara mbili ya nilizokuwa nazo, nitawashangaza pale Jumamosi. Pesa nikanunua pikapu, ifanye kazi wakati nangoja. Pikapu ikafa mwaka wa kwanza. Na bei ilipoanguka ile mara moja, sikuwa na hata senti ya kununulia. Tangu hapo nangoja, haijashuka tena."

"Na ukaendelea kuja kwangu."

"Ningewaambia nini? Mimi ndiye niliyewaambia msiuze."

"Ukaendelea kutuambia!"

"Ndiyo. Na mlifaidika."

Hapo kila nikitaka kumfokea, nakuta amesema kweli. Tulifaidika. Sista alijenga, Nati aliongeza duka. Lakini nikamuuliza swali lililokuwa linanichoma: "Na hili la sasa? Unaniambia nisiuze kwa sababu ya visima, au kwa sababu ya pikapu yako?"

Akainama akafunga kamba za viatu vyake. Nikanyanyuka, nikamwachia nauli kwenye ngazi, nikaondoka. Hata hiyo nauli najutia namna nilivyoiweka. Nilipofika chini ndipo nikakumbuka kwamba mkono uliochomoa ile hati mfukoni ulikuwa wangu.

Jumanne na Jumatano nilikata sare vibaya. Nilikata mikono miwili ya kushoto kwenye gauni moja, kosa ambalo sijalifanya tangu nilipokuwa najifunza. Wasichana wangu walinong'ona lakini hawakuthubutu kucheka. Fomu ya kuuza ilikuwa mezani chini ya mkasi, nusu imejazwa. Neno la Mzee lilikuwa ndilo fimbo yangu miaka yote, sasa nimeishika nakuta ni muwa, na siku zilikuwa zimebaki mbili.

Alhamisi mchana akatokea mlangoni. Amebeba kile kisanduku chake cha mawe.

"Sikuja kukaa," akasema.

"Kiti kipo."

Akakaa pembeni pembeni, kisanduku magotini. Wasichana nikawatuma dukani wakanunue uzi, nao uzi ulikuwa tele.

"Mizani mbovu," akaanza, "huijui kwa kuitazama. Unaweka jiwe ambalo uzito wake unaujua. Swali lako la ngazini nimelipima hivyo. Nipe kodi ya hiki chumba kwa mwaka."

Nikamtajia.

"Gawio lako la mwaka, baada ya kukatwa."

Nikamtajia. Akaandika kwa chaki yangu juu ya meza, namba moja huku, nyingine kule.

"Na hiyo ni tano, si kumi," nikamchokoza. Mdomo huu!

Hakukasirika. "Tano," akasema. "Sasa tazama. Hisa zako zinakuletea hiki. Chumba kinakula karibu mara mbili yake. Tuseme visima vipya vije kama nilivyosema, gawio liwe mara mbili. Ndiyo kwanza mizani inalingana. Na hapo utakuwa huna chumba. Huyo wa simu ana rafu zake." Akafuta chaki kwa kiganja. "Mimi niliuza nikanunua pikapu ya kujionyesha. Wewe unanunua mahali pa kukalia kazi yako. Si jambo moja. Kila Jumamosi nilikuwa nimeweka kidole kwenye sahani, mwanangu, na mimi ndiye fundi mizani. Uza."

Miaka kumi na mitatu, na ndiyo mara ya kwanza nilisikia neno hilo kinywani mwake. Lilitoka kama jino.

Nilijaza fomu mbele yake. Nikabakiza hisa mia moja, maana nami nina roho. Ijumaa saa nne niko dirishani kwa binti wa kucha, saa nane niko mezani na mwenye nyumba, hati ya mauzo mkononi, naye akakubali kungoja pesa ziingie. Yule wa simu alipopita kuangalia ukuta, nilimuuliza kama anataka kushonewa suruali.

Nilimwambia Mzee kwamba Jumamosi si lazima aje, na kwamba mimi sitasema kitu. Akaja. Nati alikuwa wa kwanza kuuliza, hata hajaketi:

"Ehe, wamerudisha?"

"Hakuna cha kurudisha," Mzee akasema. Alikuwa amesimama. "Sina hisa. Niliuza zote miaka kumi na moja iliyopita."

Nati akacheka. Akacheka sana, akanipiga bega. Akatazama uso wangu, akaacha kucheka. "Mkasi, anatania?"

"Hatanii."

Sindano za Sista zilianguka sakafuni moja baada ya nyingine, na hakuinama kuziokota.

"Miaka kumi na moja!" Nati alipiga meza mpaka pini zikaruka. "Umetusomesha kitu usichonacho! Bei ilipoanguka ile mara, nilikosa usingizi mwezi mzima, nikakupigia simu ukaniambia 'tuvumilie.' Tuvumilie! Wewe ulikuwa unavumilia nini?"

Mzee hakujitetea. Na hilo ndilo lililomuudhi Nati zaidi, maana nati bila bolti inazunguka bure. Akachukua kofia yake akatoka, na mpaka leo hajarudi. Nasikia naye aliuza zake zote Jumatatu yake, kwa bei ya sokoni, kwa hasira.

Sista alikunja ufumaji wake mapajani. Kisha akasema, kwa ile sauti waliyokuwa wakiiogopa wodini: "Zangu umenishauri nikae nazo. Sasa unasemaje?"

"Una nyumba. Huna haja ya pesa leo. Kaa nazo. Lakini safari hii soma ripoti mwenyewe kwanza, halafu uniulize."

"Macho yangu hayaoni vizuri. Wewe soma. Nitaamua mimi." Akainama akaokota sindano zake.

Mzee akanitazama mimi, mwenye chumba. Nikamsogezea kiti kwa mguu, mikono ilikuwa na kazi.

Siku hizi tuko watatu. Chumba ni changu, dirisha la nyuma nimelipaka rangi, na ile hati yenye nailoni sijaiona tena. Jumamosi iliyopita gawio la hisa zangu mia moja liliingia kwenye simu, pesa ya kununulia vifungo. Mzee akasikia mlio, akaweka kikombe chini.

"Gawio hilo?"

"Ndilo."

"Wamekata ngapi?"

"Tano."

Akatikisa kichwa, mishipa ya shingo ikaanza kupanda taratibu.

"Wezi," akasema.